Lupita Nyong'o

Lupita Amondi Nyong'o (alizaliwa Jiji la Mexico, 1 Machi 1983) ni mwigizaji wa filamu na wa jukwaani, mwongozaji na mwandishi wa vitabu vya watoto kutoka Kenya. Ana pia uraia wa Mexico. Anajulikana hasa kwa kuigiza kama Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, katika filamu ya 12 Years a Slave (2013). Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Oscar ya Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike tarehe 2 Machi 2014, akawa mwigizaji wa kwanza kutoka Kenya kupata tuzo hiyo.

Filamu nyingine zilizomfanya apendwe na watazamaji wengi ni Queen of Katwe (2016), Black Panther (2018) na Us (2019). Nje ya uigizaji anafahamika kwa kusema waziwazi juu ya weusi wa ngozi, nywele za asili na shinikizo linalowafanya wasichana wengi wa Kiafrika kutamani weupe.

Kuzaliwa na jina

Lupita ni mtoto wa pili kati ya sita wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o na Dorothy Nyong'o. Kwa asili ni Mjaluo, na nyumbani kwao ni Seme, katika kaunti ya Kisumu. Baba yake ni mwanasayansi wa siasa aliyekuwa mmoja wa wasomi waliodai demokrasia wakati wa utawala wa chama kimoja nchini Kenya. Mwaka 1980 Charles Nyong'o, ndugu wa profesa huyo, alitoweka, na familia iliamini kuwa alisukumwa majini kutoka kwenye kivuko. Baada ya hapo Profesa Nyong'o na mkewe waliondoka nchini. Walihamia Mexico, ambako alifundisha katika taasisi ya El Colegio de México.

Ndiyo sababu mtoto wa Kijaluo akapewa jina la Kihispania. Lupita ni jina la kubembeleza linalotokana na Guadalupe, jina maarufu sana nchini Mexico kwa heshima ya Bikira Maria wa Guadalupe. Amondi ni jina lake la Kijaluo.

Familia ilirudi Kenya kabla Lupita hajatimiza mwaka mmoja, baba yake alipopata kazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye baba huyo aliingia katika siasa: alikuwa mbunge, waziri, seneta, na tangu mwaka 2017 gavana wa Kisumu. Mama yake ni kiongozi wa shirika linaloshughulikia vita dhidi ya saratani barani Afrika.

Elimu

Lupita alikulia Nairobi katika nyumba iliyopenda sanaa. Watoto walipelekwa kutazama michezo ya kuigiza, na jamaa walipokusanyika waliigiza. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza kama Juliet katika tamthilia ya Romeo and Juliet ya Shakespeare iliyoandaliwa na kikundi cha Phoenix Players cha Nairobi.

Alipofika miaka 16 wazazi walimpeleka Mexico kwa muda wa miezi saba ajifunze Kihispania. Alisoma katika mji wa Taxco, kwenye kituo cha chuo kikuu kinachofundisha wageni lugha hiyo. Kwa hiyo anazungumza lugha nne: Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kihispania.

Baada ya kumaliza masomo ya sekondari katika shule ya St. Mary's, Nairobi, mwaka 2001, alikwenda Marekani na kusoma filamu na tamthilia katika chuo cha Hampshire, jimbo la Massachusetts. Baadaye alijiunga na shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, mojawapo ya shule zinazoheshimiwa zaidi katika fani hiyo, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 2012.

Kazi nyuma ya kamera

Watu wengi hudhani kwamba Lupita alitokea ghafla mwaka 2013. Kwa kweli alikuwa ameshafanya kazi za filamu kwa miaka kadhaa, nyingi zikiwa nyuma ya kamera. Filamu ya The Constant Gardener (2005) ilipopigwa nchini Kenya, alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa uzalishaji. Huko alikutana na mwigizaji Ralph Fiennes, ambaye alimshauri aingie katika uigizaji ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kazi hiyo. Alifanya kazi ya namna hiyo pia katika The Namesake (2006) ya mwongozaji Mira Nair.

Mwaka 2009 aliongoza, aliandika na kutayarisha filamu ya hali halisi iitwayo In My Genes, inayohusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Filamu hiyo inawapa nafasi watu hao kueleza wenyewe jinsi wanavyoishi, wanavyotazamwa njiani na wanavyotengwa. Ilitoka wakati watu wenye ualbino katika nchi jirani ya Tanzania walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Ni vyema kukumbuka filamu hii mtu anaposoma habari za Lupita: kabla hajazungumzia ngozi yake mwenyewe, alikuwa ameshughulika na watu wanaohukumiwa na jamii kwa sababu ya rangi ya ngozi yao.

Mwaka huohuo aliigiza kama Ayira katika tamthilia ya televisheni ya Shuga, iliyohusu vijana wa Nairobi, mapenzi na kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Aliongoza pia video ya wimbo wa Wahu, mwimbaji wa Kenya, alioimba pamoja na Bobi Wine wa Uganda.

12 Years a Slave

Muda mfupi kabla ya kuhitimu Yale alichaguliwa na mwongozaji Steve McQueen kuigiza katika 12 Years a Slave. Filamu hiyo inatokana na kitabu cha Solomon Northup kilichotolewa mwaka 1853. Northup alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru, akatekwa nyara mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana.

Patsey, anayeigizwa na Lupita, ni msichana anayemilikiwa na Edwin Epps (Michael Fassbender). Anachuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, yaani karibu kilo 227, kuliko mwanamume yeyote shambani. Bwana wake humsifu mbele za watu na humbaka usiku. Mke wa bwana humtesa kwa wivu. Katika tukio linalokumbukwa zaidi, Patsey anachapwa mijeledi kwa kosa la kwenda shamba la jirani kutafuta sabuni ya kuogea.

Uzito wa uigizaji huu haupo katika machozi peke yake. Patsey anaonekana pia akiwa amekaa majanini akitengeneza vibandia kwa maganda ya mahindi, kama mtoto yeyote. Kwa tukio hilo dogo mtazamaji anakumbushwa kwamba anayeteswa ni msichana mdogo ambaye bado angependa kucheza. Northup alimtaja Patsey katika kitabu chake, kwa hiyo Lupita alikuwa akimwigiza mtu aliyewahi kuishi.

Tuzo ya Oscar

Katika sherehe ya 86 ya tuzo za Oscar, Lupita aliwashinda Jennifer Lawrence, Julia Roberts, June Squibb na Sally Hawkins. Alikuwa mwanamke mweusi wa sita kupewa tuzo ya Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike. Waliomtangulia ni Hattie McDaniel, aliyeipokea mwaka 1940, Whoopi Goldberg, Jennifer Hudson, Mo'Nique na Octavia Spencer. Filamu yenyewe ilipewa tuzo ya Filamu Bora.

Alipopokea tuzo alikiri kwamba furaha yake ilitokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine, akamshukuru Patsey. Gauni alilovaa lilikuwa la buluu nyepesi. Alieleza kuwa rangi hiyo ilimkumbusha Nairobi. Magazeti ya Kenya yalilipa tukio hilo kurasa za mbele, na Rais Uhuru Kenyatta alimpongeza.

Ushindi huo ulizua mjadala wa kirafiki kati ya nchi mbili. Vyombo vya habari vya Mexico vilimdai kuwa wao kwa sababu alizaliwa huko. Wakenya walisema ni wao kwa damu na malezi. Yeye mwenyewe amekuwa akijieleza kuwa ni Mmexico na Mkenya kwa pamoja.

Hotuba juu ya uzuri

Siku chache kabla ya Oscar, tarehe 27 Februari 2014, Lupita alitoa hotuba katika hafla ya jarida la Essence inayowaenzi wanawake weusi wa Hollywood. Hotuba hiyo imesambaa sana na inatajwa mara nyingi kama sehemu muhimu ya mchango wake.

Alieleza kuwa alikuwa amepokea barua kutoka kwa msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, lakini akaghairi baada ya kumwona Lupita. Kisha akasimulia utoto wake mwenyewe. Katika televisheni aliona ngozi nyeupe tu, na alitaniwa kwa weusi wake. Kila usiku alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na asubuhi alikimbilia kioo kabla ya kujitazama mwilini. Alijaribu hata kuweka ahadi na Mungu: angeacha kudokoa vibonge vya sukari na angemtii mama yake ikiwa ombi lake lingekubaliwa.

Mabadiliko yalikuja alipomwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi sana kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akisifiwa duniani kote kwa uzuri wake. Hata hivyo, mama yake alikuwa amemfundisha jambo kubwa zaidi: kwamba uzuri hauliwi wala haushibishi, na kwamba kinachodumu ni huruma ya mtu kwake mwenyewe na kwa wenzake.

Maneno hayo yaligusa Afrika Mashariki kwa sababu tatizo lenyewe lipo madukani. Krimu zenye zebaki au hydroquinone zimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na nchi nyingine, lakini huingizwa na kuuzwa kwa siri, na mchanganyiko uitwao mkorogo hutengenezwa mitaani. Madaktari huonya kwamba zebaki hudhuru figo, na kwamba matumizi ya muda mrefu ya dawa hizi hudhoofisha ngozi na kuiacha na mabaka.

Mwezi Aprili 2014 kampuni ya vipodozi ya Lancôme ya Ufaransa ilimteua Lupita kuwa balozi wake, na jarida la People likamtaja kuwa mtu mzuri zaidi wa mwaka huo. Wapo wanaosema kwamba sifa hizi nazo ni za soko la vipodozi, na kwamba uso mmoja kwenye tangazo hauwezi kubadili fikra za miaka mingi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ushuhuda wa yule msichana wa barua unaonyesha kuwa kuna mtu mmoja, angalau, aliyeacha kununua.

Kazi baada ya Oscar

Baada ya ushindi ilitarajiwa kwamba Lupita angeonekana katika filamu nyingi. Badala yake, baada ya nafasi ndogo katika Non-Stop (2014), kazi zake mbili kubwa zilizofuata katika sinema hazikuonyesha uso wake. Katika Star Wars: The Force Awakens (2015) aliigiza kama Maz Kanata, kiumbe aliyechorwa kwa kompyuta kutokana na mwendo na sauti yake. Katika The Jungle Book (2016) alitoa sauti ya mbwamwitu Raksha. Jambo hili lilizua maswali juu ya aina ya nafasi ambazo Hollywood huwapa wanawake weusi, hata wenye Oscar.

Yeye alirudi jukwaani. Tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira inahusu wanawake waliotekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Liberia. Lupita aliijua tangu mwaka 2009, alipokuwa mwigizaji wa akiba ilipoonyeshwa Yale. Mwaka 2016 ilifika Broadway, New York, ikiwa tamthilia ya kwanza huko ambayo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi. Aliteuliwa kuwania Tuzo ya Tony.

Queen of Katwe

Mwaka huohuo wa 2016 alionekana katika Queen of Katwe, filamu iliyomrudisha Afrika Mashariki. Mwongozaji alikuwa Mira Nair, aliyewahi kufanya naye kazi na ambaye ana makazi Kampala. Filamu inasimulia kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe aliyekuwa akiuza mahindi barabarani, akajifunza sataranji, ambayo wengi huiita chesi, kwa mwalimu Robert Katende, hatimaye akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya kimataifa.

Lupita aliigiza kama Nakku Harriet, mama wa Phiona. Harriet ni mjane anayehangaika kulipa kodi ya nyumba na kulisha watoto. Anaogopa kwamba mchezo huo utamwonyesha binti yake maisha ambayo hawezi kuyapata, kisha umwache akiwa na uchungu zaidi. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wataitambua hofu hiyo. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Uganda, na Phiona aliigizwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla.

Black Panther na Us

Katika Black Panther (2018) ya Ryan Coogler, Lupita ni Nakia, mpelelezi wa nchi ya kubuni ya Wakanda. Anapoonekana mara ya kwanza yumo kati ya wanawake waliotekwa nchini Nigeria, akiwa amejificha ili awaokoe. Waigizaji walitumia Kixhosa kama lugha ya Wakanda. Filamu ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote. Mwezi Februari 2018 ilionyeshwa Kisumu katika uzinduzi maalumu uliohudhuriwa na baba yake. Alirudi kuwa Nakia katika Black Panther: Wakanda Forever (2022).

Katika Us (2019) ya Jordan Peele aliigiza wahusika wawili: Adelaide, mama wa familia iliyo likizoni, na Red, mwanamke anayefanana naye kabisa anayekuja kumshambulia. Kwa Red alitumia sauti iliyokwaruza na kukatika. Alipoeleza kwamba alijifunza sauti hiyo kutokana na ugonjwa wa misuli ya koo, wagonjwa walilalamika kuwa hali yao imehusishwa na ukatili, naye akawaomba radhi hadharani. Kwa filamu hii alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike na chama cha wahakiki wa filamu wa New York.

Mwaka 2024 aliongoza waigizaji wa A Quiet Place: Day One na kutoa sauti ya roboti Roz katika katuni ya The Wild Robot. Mwaka huo pia alikuwa rais wa jopo la waamuzi wa Tamasha la Filamu la Berlin, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Jopo lake lilimpa Mati Diop tuzo kuu kwa filamu ya Dahomey, inayohusu kurejeshwa Benin kwa vitu vya kale vilivyochukuliwa na Wafaransa.

Sulwe

Oktoba 2019 Lupita alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, chenye michoro ya Vashti Harrison. Neno hilo ni la Kijaluo na maana yake ni nyota. Sulwe ni msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao: mama ana rangi ya alfajiri, baba ya machweo, dada yake ya adhuhuri, naye ana rangi ya usiku wa manane. Anajaribu kujifuta weusi kwa kifutio na kula vyakula vya rangi angavu, bila mafanikio. Ndipo anapopata kisa cha ndugu wawili, Mchana na Usiku, na jinsi dunia ilivyoharibika Usiku alipoondoka. Kitabu kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili na Kijaluo.

Misimamo yake hadharani

Oktoba 2017 aliandika katika gazeti la The New York Times jinsi mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein alivyomsumbua kingono alipokuwa bado mwanafunzi. Weinstein alisema anayakumbuka matukio hayo kwa namna tofauti. Mwezi uliofuata alilalamika baada ya jarida la Grazia la Uingereza kuondoa sehemu ya nywele zake katika picha ya jalada ili zionekane laini. Jarida na mpiga picha waliomba radhi.

Mwaka 2015 alikuwa balozi wa shirika la WildAid katika kampeni ya kulinda tembo. Mwaka 2024 alianzisha kipindi cha sauti cha Mind Your Own, kinachokusanya visa vya Waafrika. Humo alieleza jinsi alivyojifunza lafudhi ya Kimarekani akiwa Yale kwa kuamini kwamba bila hiyo hangepata kazi, na jinsi alivyoamua baadaye kurudia lafudhi yake ya Kenya. Mwaka 2025 alizungumza hadharani juu ya uvimbe wa mfuko wa uzazi aliougua, akitaka utafiti zaidi ufanywe juu ya ugonjwa huo unaowapata wanawake wengi.

Filamu alizoigiza (baadhi)

2013 – 12 Years a Slave (Patsey)
2014 – Non-Stop
2015 – Star Wars: The Force Awakens (Maz Kanata)
2016 – The Jungle Book (sauti ya Raksha)
2016 – Queen of Katwe (Nakku Harriet)
2018 – Black Panther (Nakia)
2019 – Us (Adelaide na Red)
2019 – Little Monsters
2022 – The 355
2022 – Black Panther: Wakanda Forever (Nakia)
2024 – A Quiet Place: Day One
2024 – The Wild Robot (sauti ya Roz)